Filamu Aliyoitafsiri Baba Yako

Armelle mwanangu,

Anua dagaa kabla ya mvua. Samaki wale migebuka wamo kwenye sufuria, mbakizie mdogo wako.

Mwenzio, sikia haya! Asubuhi nimepeleka maandazi banda la video hapa Buzebazeba, nikakuta filamu ya mwanamke aliyepewa talaka. Aliyeshika maiki akiitafsiri ni nani? Baba yako! Tangu aniache kule kambi ya wakimbizi, leo ndiyo namwona. Mwanamke anafungua mgahawa wake, anacheka mpaka jino la mwisho, baba yako anatangaza, “Hapa anamlilia mumewe amrudie.” Na watu wanamwamini! Kiingereza sijui, lakini macho si ninayo?

Ameniona, huenda akaja. ~~Mpe chakula.~~ Mwambie nimeenda mjini kuangalia fremu ya kufungulia mgahawa wangu. Hilo nalo akalitafsiri.

Mama yako