Noti Ndogo Katika Karatasi Yangu ya Besi

Mwalimu Wafula,

Bado okestra yetu inafanya mazoezi mtaani Mashimoni, ukumbi ule ule wa kanisa, na bado nafika nikiwa na nyuzi kwenye nguo nikitoka kushona kwa cherehani kule mtaa wa Kongo. Kiti chako hakuna anayekikalia. Ningetaka kuanza na jinsi ninavyokukumbuka, lakini nina hasira, na nimechoka kuimeza.

Juzi tuligawiwa karatasi za wimbo wako wa mwisho, tutakaoupiga Jumamosi kwenye ibada ya kukukumbuka. Nikatafuta ile tuni uliyonifundisha kwenye besi yangu, fidla kubwa kunishinda kimo, kabla hujalazwa hospitalini, ukisema, "Mwende, hii ni yako, usiachie mtu." Nimeikuta, Mwalimu. Umeiandika kwa noti ndogo, juu yake "chelo", na chini yake alama za kimya, baa baada ya baa, kipimo baada ya kipimo. Noti ndogo si za kupiga. Ni za kumsikiliza mwenzako ili ujue utaingia wapi. Tuni yangu umempa Kevo wa chelo, fidla nyepesi kuliko yangu.

Hilo peke yake ningelivumilia. Lakini unakumbuka desturi yako? Besi hulia oktava moja, ngazi nane nzima, chini ya inavyoandikwa, kwa hivyo noti ndogo za chelo ulinipandishia oktava kila mara, hata wenzako wakikucheka. "Kevo akishikwa na kazi, wewe ingia tu. Itoke vile yake ingetoka." Safari hii hukuzipandisha. Umeziacha pale pale Kevo anapozisoma. Yaani hata asipofika, hukutaka nimshikie nafasi.

Kevo anasema ulimwambia mapema kwamba besi ingeizamisha tuni. Yeye ulimwambia! Mimi uliniangalia nikijifunza hadi vidole vikatoka malengelenge, ukanyamaza. Ukanipa plasta, hata.

Inaniuma, Mwalimu. Inaniuma kwa sababu ni wewe.

Jumamosi nitakaa kimya baa zote ulizoniandikia. Kevo apige, anajua kupiga. Nitaingia pale ulipotaka niingie, na sitakuaibisha. Watu wakishatoka na viti vikishakunjwa, nitabaki na besi yangu, niipige ile tuni yote kama ilivyo kwenye karatasi, bila kuipandisha. Itatoka chini kabisa, nzito, sauti uliyoiogopa. Nakuahidi sitaruka hata noti moja.

Pumzika, Mwalimu wangu. Safari hii wewe ndiye wa kunyamaza na kusikiliza.

Mwende