Nyasi Alizokata Bibi Yako

Mjukuu wangu Adela,

Huku Kimuli hatujambo, kahawa imeanza kuiva. Umeuliza kama mgongo bado unaniwasha. Unawasha, palepale karibu na bega. Daktari anasema ngozi haina kosa. Ni mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye uti wa mgongo.

Marehemu mama yangu naye aliwashwa hapohapo. Bibi yako, aliyekuwa ameolewa karibuni, ndiye aliyekata nyasi za kutandika sakafuni alipolala mama. Nikasema nyasi zake zina wadudu. Nilizitupa nje mara tatu, majirani wakiona.

Jana nimemweleza bibi yako maneno ya daktari, nikamtajia na zile nyasi. Alichukua gunzi la mahindi akanikuna taratibu, kama alivyokuwa akimkuna mama.

Babu yako