Mgongo Usiguse Chini

Jumanne, 1 Julai 2025

Saad katangaza. Mchezaji yeyote wa klabu yake ya judo atakayeonekana kwenye stoo yangu ya mazoezi ajihesabu ametoka. Kasema mbele ya wote, jana jioni, na alihakikisha yupo wa kunifikishia. Judo ni judo, sarakasi ni ya mnadani – hayo ndiyo maneno yake.

Sarakasi! Nimefundisha michezo shuleni miaka thelathini na minane, mpaka nikastaafu. Jimnastiki niliisomea chuoni Saad hajazaliwa. Sifundishi mtu kupiga samasoti ili apigiwe makofi. Nafundisha mambo manne: kubingirika, kusimama kwa mikono, gurudumu, daraja. Basi. Na kila moja lina kazi yake kwenye mieleka ya aina yoyote. Anayejua kubingirika haogopi kuangushwa. Aliyezoea kusimama kwa mikono hapotei akipinduliwa. Gurudumu – unarushwa, unatanguliza mkono, unatua kwa miguu badala ya mgongo. Daraja – umelala chali, mtu kakulalia kifuani. Unakita visigino, unainua kiuno, unageuza mabega, na yeye ndiye anayekuwa chini. Mgongo usiguse chini. Huo ndio mchezo mzima, mengine ni mapambo.

Walikuwa saba. Leo kaja mmoja, Nusaiba.

Nikamuuliza kama tangazo halikumfikia. Limemfikia. "Shikamoo Mwalimu. Tunaanza au tunahadithiana?"

Ana miaka ishirini na miwili, anauza vitumbua na mama yake, Kadija, hapa hapa Mitwero. Mchujo wa timu ya taifa uko Mtwara tarehe 26. Lindi itapeleka mwanamke mmoja tu wa uzito wake, na Saad atamchagua tarehe 19: ama Nusaiba, ama Genoveva wa Milola. Mwaka jana Genoveva huyo huyo alimkandamiza chini sekunde ishirini – ukifika ishirini umeshindwa – na Nusaiba alilala tu, kama papa wa kuanikwa. Mama yake kampa mwaka huu mmoja wa mwisho. Baada ya hapo judo basi.

Nitamfundisha huyo mmoja.

Alhamisi, 3 Julai 2025

Magodoro yetu ni magunia ya korosho yaliyoshindiliwa makumbi ya nazi. Magumu, lakini hayavunji mtu.

Daraja linamfia likifika la tano. Si nguvu, ni mwendo. Nahesabu moja, mbili, na kiuno chake kinachelewa nyuma ya sauti yangu. Nikamwambia acha kunisikiliza, tafuta mwendo wako mwenyewe. Akafumba macho. Akaanza kupiga gunia kwa kiganja: mawili ya haraka, moja zito, kimya, moja zito. Kiuno kikapanda kwenye lile zito. Madaraja ishirini! Bila kupumzika!

Nikamuuliza mdundo wa wapi huo. "Wa nyumbani tu, Mwalimu." Akaangalia ukutani.

Nimejifunza kuupiga kwenye ndoo ya plastiki, barazani, mpaka nimeukamata. Mzuri kweli. Rosalia kapita na beseni la nguo, kasimama, kanitazama, kaenda zake. Mke wangu huwa hakosi neno. Leo kakosa.

Jumatatu, 7 Julai 2025

Nimeharibu.

Niliomba dakika kumi kwenye bonanza la Saba Saba, uwanja wa shule, ili wazazi waone kwa macho yao kitu ambacho Saad anawatishia nacho. Watu kama mia mbili, wanaume kwa wanawake. Nilieleza vizuri, sikuruka hatua. Nusaiba alibingirika, akasimama kwa mikono, akapiga gurudumu, watu wakashangilia. Nikasema sasa daraja. Nikageuza ndoo nikaanza kupiga.

Nusaiba akabaki amesimama. "Mwalimu, siyo huo. Mwalimu!"

Nikadhani anaona aibu ya watu. Nikazidisha.

Mstari wa mbele walikaa akina mama. Mmoja akajifunika uso kwa ushungi. Mwingine akamvuta binti yake mkono. Bibi Mwanaidi, kungwi wetu, mwenye miaka themanini na kitu, akainuka, akakung'uta kanga yake, akaondoka. Wanawake wote wakamfuata. Wote! Tukabaki wanaume na ndoo yangu, wengine wanacheka bila kujua wanachocheka.

Nyumbani Rosalia akanieleza, robo tu. Mdundo ule ni wa unyagoni. Hupigwa ndani, wakifundwa wanawali. Mwanamume hausikii, sembuse kuupiga uwanjani kwa ndoo. Yeye aliwahi kualikwa, ndiyo maana aliutambua tangu Alhamisi.

Mbona hukuniambia? "Ningekwambia nini? Kukuambia ndiyo kuutoa nje kwenyewe!" Kisha akacheka mpaka akashika mlango. Kisha akaacha kucheka, akasema: "Wewe utasamehewa, mzee usiyejua. Huyo mtoto je?"

Jumanne, 8 Julai 2025

Kadija kaja asubuhi. Hakukaa.

"Mwalimu, nakuheshimu. Mwanangu umempindua miguu juu, nikanyamaza. Watu wakasema chango la uzazi litampanda, hatazaa, nikanyamaza. Sasa wanasema ametoa siri za ndani kwa mwanamume. Hapo sinyamazi."

Nusaiba haji tena kwangu. Kwa Saad pia haendi. Wenzake waliofundwa naye hawamsalimii, na vitumbua leo vimerudi nusu beseni.

Saad naye kapata la kusema. Kwanza sarakasi, sasa ngoma ya ndani.

Alhamisi, 10 Julai 2025

Nimekwenda kwa Bibi Mwanaidi na faini yangu: kuku mweusi, doti ya kanga, pishi ya mchele. Rosalia kanisindikiza. Ndani wanawake tisa, Kadija miongoni mwao, na Nusaiba kwenye kona, kichwa chini.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwizi wetu."

Walicheka. Nikawaacha wamalize. Nikasema mdundo niliuchukua mimi. Binti alikuwa anajihesabia mazoezi, hakunipa kitu, na pale uwanjani alinikataza mbele ya watu nikajifanya kiziwi. Anayestahili kununiwa ni mimi. Wakapokea kuku.

Kisha Bibi akataja sharti la pili: niache kuwapindua watoto wa kike.

Nikasema hapana.

Rosalia akanikanyaga mguu. Nikarudia: "Hapana, Bibi. Kosa langu nimelileta hapa limefungwa miguu, mmelipokea. Hili la pili si kosa. Sina cha kulilipia." Nikawaeleza habari ya chango. Nimesimamisha wasichana kwa mikono tangu mwaka 1981. Leo wajukuu zao ndio wanaoniamkia njiani. Kama tumbo lingeharibika kwa kupinduka, hao wajukuu wameokotwa? Nikaanza kueleza na nyonga, misuli, uti wa mgongo –

"Unasema sana," Bibi akanikata. "Nitakuja kuona kwa macho yangu. Na wewe utakaa nje."

Jumamosi, 12 Julai 2025

Nimekaa nje.

Stoo ni yangu, magodoro nimeshona mimi, na leo nimefungiwa mlango kama mwanafunzi mtoro. Ndani Nusaiba, mama yake, Bibi na wanawake wawili. Nasikia vishindo. Nasikia Bibi anafoka. Nasikia vicheko vya kunichoma. Saa nzima na nusu!

Wametoka wamelowa jasho. Hata Kadija. Nikauliza, vipi? Bibi akafunga kanga vizuri. "Wewe fundisha mikono. Kiuno tuachie."

Nusaiba anarudi Jumatatu.

Jumatano, 16 Julai 2025

Mikono nafundisha mimi asubuhi. Kiuno wanafundisha wao alasiri, mimi barazani. Simo kwenye somo langu mwenyewe, na sina ugomvi na hilo. Mwalimu anayeona wivu mwanafunzi akielewa kwa mwingine abadili kazi.

Leo wameniruhusu nione tokeo. Rosalia, kilo themanini na mbili, kamlalia Nusaiba kifuani, kamkumbatia kichwa. Nusaiba kamgeuza kama chapati. Mara tatu! Rosalia kaomba maji.

Ijumaa, 18 Julai 2025

Nimemfuata Saad mwenyewe, ana kwa ana. Kanipa kiti, kaniamkia vizuri, hilo siwezi kumnyima. Kanieleza kisa chake: mwanafunzi wake mmoja wa Kikole alijirusha kinyumenyume ufukweni akavunja mfupa wa bega. Hakucheza tena. Mzazi alikwenda kumlaumu Saad.

Nikamwambia woga wako ni wa haki, dawa yako ndiyo siyo. Yule kijana aliumia kwa sababu hakufundishwa kuanguka. Unamkataza mtoto kuogelea kwa sababu mwenzake amezama?

Akatikisa kichwa. Kasema Nusaiba atamruhusu kupigana kesho, maana Bibi Mwanaidi alishamtembelea. (Alipomtaja alishusha sauti!) Lakini mimi nisikanyage ukumbini.

Sawa. Ukumbi una madirisha.

Jumamosi, 19 Julai 2025

Naandika nimekaa kwenye ngazi za nje ya ukumbi. Saa saba na dakika ishirini. Wamesimama kwa ajili ya swala na chakula. Wanaendelea saa nane kamili.

Mapambano matatu, atakayeshinda mawili ndiye anayekwenda Mtwara.

La kwanza: Genoveva. Nusaiba aliingia anamtazama Saad badala ya mpinzani. Akarushwa, mgongo wote chini, pwaa! Hata dakika haikufika.

La pili. Mama yake alimwita pembeni, sijui alimwambia nini. Akarudi na macho mengine. Genoveva akamwingia vile vile, kiuno chini ya kiuno, akamnyanyua. Safari hii Nusaiba hewani akanyoosha mkono, kiganja chini, miguu ikapita juu – akatua amesimama! Ukumbi ukapiga kelele. Saad akashika kichwa. Genoveva hakuacha, akamvuta chini, akamlalia. Mwamuzi akaanza kuhesabu. Kumi. Kumi na mbili. Nilikuwa nimeng'ang'ania nondo za dirisha. Kumi na nne – kiuno kikapanda, mabega yakageuka, na Genoveva ndiye akawa chini. Nusaiba akamshikilia zote ishirini.

Sare, moja kwa moja.

Nilikuwa nimefika hapo kuandika wakati Genoveva aliponijia. Binti wa watu wa shamba, mabega mapana, hana majivuno. Kapiga goti kuamkia.

"Babu, ule mrusho wangu ulikuwa mzuri au mbaya?"

Nikasema mzuri. Kamili.

"Na bado katua kwa miguu. Basi nifundishe na mimi ule mkono."

Sasa hivi?

"Nikishinda nitakuwa Mtwara wiki ijayo. Huko wote watakuwa wananirusha. Nitakutafuta wapi?"

Nimemwambia anipe dakika moja, ndiyo hii naandikia. Kwa nusu saa iliyobaki hawezi kulijua gurudumu. Lakini pa kuweka mkono anaweza kupajua. Na nikimwacha atajaribu hivyo hivyo, alivyoona kwa macho, avunje kifundo cha mkono mbele yangu. Nikimfundisha, naweza kuwa namnyang'anya Nusaiba safari kwa mikono yangu mwenyewe. Nikimkataa, mimi ni Saad mwenye mvi.

Saad mwenyewe kasimama dirishani, kipande cha mkate mkononi, hatafuni. Kasikia yote. Genoveva anajua kasikia, wala hakupunguza sauti.

Hapa pembeni kuna majani, si mabaya kwa kuangukia. Nimemwambia avue viatu.

Nusaiba katokea mlangoni, mkanda mkononi. Katuona. "Mwalimu?"

Genoveva ameshavua.