Kunjeni Majamvi, Salma Kaomba Muhogo

Kwako Baba Salma, Wawi.

Assalamu alaykum. Mimi mzima, na Salma yu hai. Nimelitanguliza hilo kabla ya kuuliza hali zenu, maana najua mnachokingoja huko. Mama yako magoti vipi? Karafuu zimeshakauka?

Nilipokupigia kukwambia Salma katiwa chumba cha wagonjwa mahututi, mama yako alikunyang'anya simu: "Mlete mwanetu afe kwao!" Kisha nikasikia vilio, na mtu anauliza majamvi ya matanga yako wapi. Nikakata. Ndiyo maana naandika. Barua nampa jirani yetu Bi Time, anayerudi huko na boti. Karatasi haikatizwi kwa vilio.

Ilikuwa hivi. Dawa za saratani ya damu zinashusha kinga ya mwili. Homa ikampanda, pumzi zikawa fupi, daktari akataka idhini yangu amhamishe mapema. Wodini kinamama hukiita chumba kile mlango wa kaburi, kwani wengi hawarudi. Kitanda cha pili alikuwapo mtoto wa Tanga, aliyetakiwa kuingia chumba kile kabla yetu. Mama yake akangoja wazee wa kwao wakubaliane. Walipokubaliana, roho ya mtoto ilishafika kooni. Hakurudi. Nilipomsaidia yule mama kukunja nguo ndogo, nikafahamu kwa nini wengi hawarudi.

Basi nilikubali bila kukungoja. Kama ni hasira, nizikute nikirudi. Kalamu niliishika mwenyewe, nikatia saini.

Jana wamemtoa mashine ya kupumulia, leo tumerudi wodini. Kwa sauti iliyokauka kaniambia, "Mama, nataka muhogo wa nazi." Nesi alicheka, mimi nikalia.

Sikwambii kapona. Dawa zimebaki nyingi, na huenda akarudishwa chumba kile. Nikiulizwa tena, nitakubali tena. Anahitaji kuongezewa damu, na huku sina ndugu wa kumtolea. Waliokuja kwetu kulia wana damu, waje nayo.

Msalimie mama yako, umwambie simleti. Msalimie wifi yangu, asigawe nguo za mtoto. Na shehe mliyemwita kwa hitima, mwombeni asome dua ya mgonjwa.

Salma kauliza baba yake yuko wapi. Nimemjibu unakunja majamvi, ukimaliza utapanda boti.

Mkeo,
Mama Salma