Mpira wa Katikati

Jumatano, 9 Julai
Mazoezi alfajiri, kama kawaida. Uwanja umemwagiwa maji, mistari imefagiliwa. Goti la kushoto linalia kama bawaba.

Makala ya gazeti nimeimaliza. Katibu wa chama cha tenisi amesema mchezo wa wawili ni kimbilio la walioshindwa kucheza peke yao. Nimemwuliza kama ndoa yake nayo ni kimbilio. Mhariri atakata. Akate.

Miaka kumi na tisa nimekula kwa tenisi ya wawili. Tunis, Kairo, Lagos, Nairobi. Rehema kushoto, mimi kulia. Sasa Rehema goti lake limekataa kabisa, analima mpunga Dakawa. Mwenzangu mpya ni Zaina, miaka kumi na tisa, mzaliwa wa Mgeta, amelelewa na mjomba wake hapa mjini. Mikono ya ajabu. Kwenye wavu ni paka.

Tarehe 23 tunacheza Dar. Tukitolewa raundi ya kwanza, chama hakinipeleki Nairobi mwezi ujao, wala nje tena. Katibu ameniambia mwenyewe, akitabasamu. Kwa umri wangu huo ndio mwisho wa kazi.

Ijumaa, 11 Julai
Tumefungwa na wahadhiri wawili wenye vitambi. Aibu.

Kila mpira uliokuja katikati yetu ulipita kama mgeni aliyefunguliwa mlango. Zaina anaufikia, halafu anaondoa raketi. Ananiachia mimi, mkubwa. Nimemwambia apaze sauti: yangu, yako, toka, rudi. Wawili wasiosemeshana si timu. Akaangalia viatu vyake.

"Nitakufokeaje, mama? We ni rika la mama yangu mzazi."

Nusu ya maisha yangu nimeandika kwamba adabu ya namna hii inawaziba wasichana midomo. Leo imenila mimi.

Jumatatu, 14 Julai
Nimemhutubia muda mrefu. Nimetaja historia, dini, katiba, nimenukuu vitabu vitatu. Amesikiliza kichwa chini. "Nimeelewa, mama." Tukaingia uwanjani. Mpira wa kwanza wa katikati ukapita.

Nimetupa raketi hadi kwenye uzio. Zaina akaenda kuniokotea, akanipa kwa mikono miwili. Nusura nilie. Hotuba zangu zimewanyamazisha watu wengi. Sikumbuki iliyomfungua mtu mdomo.

Jumatano, 16 Julai
Baada ya mazoezi nilikuwa nafunga viatu nyuma ya ukuta. Zaina upande wa pili anaongea na simu. Sikumtambua sauti.

"Mke mwenza, umeoga leo, au baridi ya Mgeta imekushinda? Nyamaza, kizee. Nimesema kaoge. Mume wetu atakukimbia."

Bibi yake. Mama wa mama yake. Anamwamuru, anamcheka, na upande wa pili wa simu kizee kinacheka hadi kukohoa.

Kumbe mdomo upo. Ni mimi niliyekaa kwenye kiti kisicho changu, cha mama.

Alhamisi, 17 Julai
Nimemwambia: tukishavuka mstari ule, mimi si mama yako. Ni bibi yako.

Kuna maneno yaliyo mepesi zaidi kuyatamka. Nina miaka arobaini na minne. Sina hata mtoto. Nywele napaka rangi, na sitaki kuulizwa.

Amenitazama kuona kama natania. Kisha, polepole: "Bibi, rudi nyuma."

Nikarudi.

Hadi saa nne alikuwa ameshaniambia kwamba naanzisha mpira kama mtu anayefukuza kuku, na kwamba mume wetu ananionea huruma tu. Mpira wa katikati ulipita mmoja. Tulipotoka nje ya mstari akainama kidogo. "Shikamoo, mama." Marahaba. Nimecheka njia nzima hadi nyumbani.

Jumatano, 23 Julai
Dar. Joto la kijinga. Katibu kakaa kivulini na miwani yake.

Seti ya kwanza yao. Ya pili yetu. Wale wasichana wa upande wa pili walianza kwa kucheka kila waliposikia "bibi". Baadaye wakaacha kucheka. Mwamuzi alimwita Zaina kumwuliza kwa nini anamtukana mwenzake. Zaina akamjibu kwa heshima zote kwamba hamtukani, ni bibi yake. Mwamuzi, mtu wa kwetu, akarudi kukaa.

Pointi ya mwisho. Mpira wa juu, katikati, wangu kwa kila kanuni ninayoijua. Raketi ilishapanda.

"Bibi, kaa!"

Sijawahi kumtii mhariri, mume wala katibu. Nikakaa. Aliupiga juu ya kichwa changu, chini kabisa kwenye kona. Tumeshinda.

Katibu akaja kutupa mkono. Nimempa. Makala nitaandika wiki ijayo.

Alhamisi, 24 Julai
Tumetolewa raundi ya pili. Walikuwa bora. Nairobi tunakwenda.

Jumapili, 27 Julai
Mgeta, kwa kina Zaina. Ukungu, baridi, lori la kabichi limetupisha kwa shida. Zaina alibeba raketi, tukapiga mpira uani, bila wavu, kuku wakituhama. Akasahau tuko wapi. "Bibi, amka, umelala!"

Mama yake akatoka jikoni na mwiko. Tunalingana umri, labda kanizidi mwezi. "We Zaina! Mtu mzima huyo!"

Nikamweleza, bibi na mjukuu. Akafikiri kidogo, akiufuta mwiko. Kisha akaja mbele yangu, akapiga goti nusu.

"Basi mie ni mwanao. Shikamoo, mama. Njoo upike, wanao tuna njaa."

Nimemenya viazi hadi jua likatoka.