Kilauri cha Majani Mabichi

Mama yangu mpenzi,

Nakuamkia kutoka huku Mikelenge, Kindu. Goti lako linasemaje siku hizi za mvua? Na paa, kaka amelimaliza, au bado anatoa ahadi? Mimi ni mzima, ila tumbo langu lina malalamiko, nayo ndiyo habari ya barua hii.

Unajua napika kwa Madamu, mke wa yule mgeni anayefundisha hesabu. Mama, mwanamke huyu anakunywa majani. Mabichi! Kila asubuhi umeme ukiwepo anatia majani ya lengalenga, ndizi na ndimu katika mashine ya kusagia, inapiga kelele, kisha unatoka uji wa kijani wenye povu. Hauna chumvi, hauna mawese, haukuona moto hata kidogo. Anasema unaleta nguvu. Ingekuwa hivyo, mbuzi wa kijijini Obokote wangebeba magunia.

Kosa ni langu. Siku ya kwanza aliniambia nimpelekee kilauri chake barazani. Nikafanya ulivyonilea: anayetoa kinywaji huonja kwanza, anayepokea ajue hakina sumu. Nikaonja mbele yake, nikameza kwa shida. Madamu akafurahi mno.

"Amisi, kumbe unapenda! Kesho nitakutilia yako."

Tangu siku ile nina kilauri changu, kimejaa mpaka ukingoni, naye anasimama kuniangalia. Kinateleza kooni kama bamia iliyolala, nyuzi zinabaki kwenye meno. Nachukia hata rangi yake. Nakunywa nimefumba macho, maana kazi kama hii sitaipata tena, nawe unajua nilivyoitafuta.

Jumamosi nilitoka kwenye salongo, kufyeka kando ya barabara kama kila raia, nikamkuta amekwisha kusaga. Mezani vilibaki vikonyo vya sombe. Sombe mbichi, Mama! Nikamkumbuka yule mbuzi wa shangazi, alivyovimba baada ya kula majani hayo hayo ya muhogo mchungu. Nikambebea kilauri chake mpaka barazani, sikukionja. Nikisema, ataona nadharau chakula chake, labda anifukuze. Nikinyamaza, atakufa mtu kwa kilauri nilichompa mimi mpishi.

"Amisi, leo hauonji?"

"Madamu, hii siwezi. Kwetu muntu mwenye kuleta njo anaonja wa kwanza, kuonyesha sumu haiko. Hii iko nayo. Sombe wanaitwanga, wanaichemusha sana mpaka ile harufu ya ubichi inaisha."

Akakitazama kilauri, akanitazama mimi.

"Basi ile siku ya kwanza ulikuwa unanionjea tu? Haukupenda?"

"Hata siku moja, Madamu."

Akamwaga yote mchangani. Machozi yakamlenga, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema asante. Nikajua kazi ninayo bado, na kile kilauri nimekiaga.

Jumatatu akasaga lengalenga. Akajaza kilauri kimoja, akaonja yeye kwanza mbele yangu, taratibu, kisha akanipa kwa heshima zote za kwetu. Mama, mtu aliyeonjewa anakataaje? Wewe mwenyewe ndiwe uliyenifundisha. Nikanywa chote.

Nisalimie shangazi mwenye mbuzi, na kaka fundi wa ahadi, na mama mkwe. Mke wangu mwambie hivi: siku nitakayofika asiniulize habari za mjini. Atwange sombe tangu alfajiri, aichemshe mpaka jioni, amimine mawese bila huruma. Na asionje. Nitakula tu.

Mwanao anayecheua majani,
Amisi