Kuku wa Mama Nekesa

Kimilili, Jumapili, Agosti 1951

Lakini nilijua. Hilo ndilo linalonisumbua tangu mchana.

Ibada ilikuwa imeisha, tuko nje kwa mnada wa sadaka, tukiuza vilivyotolewa ili tupate pesa za mabati ya shule. Nilikuwa nimehutubu vizuri, hata mwenyewe nilijisikia. "Toeni kile kitakachowauma!" Watu wakapiga makofi. Mama Nekesa, mjane anayekaa karibu na kanisa, akakimbia nyumbani, akarudi na kuku.

Nikamwinua kuku huyo watu wamwone. Tumbo lake halikuwa na manyoya, na lilikuwa moto. Nimekua nikifuga kuku. Huyu alikuwa ametolewa juu ya mayai.

Ningemrudisha pale pale. Lakini watu walikuwa wamechangamka, bei inapanda, na mimi mnada ukishapanda... Mfanyabiashara mmoja wa Kitale akamnunua, akamtia kwenye lori, akaenda zake.

Baadaye nikamwuliza Mama Nekesa, "Mama, si huyu alikuwa amelalia mayai?"

"Ndiyo, mwalimu. Vifaranga wangetoka wiki hii. Si ni wewe ulisema tutoe kinachouma?" Akacheka kidogo, akanishukuru kwa neno zuri.

Wazee wa kanisa wamefurahi sana. Wamenitafutia mwaliko mwingine Bumula, na wanasema kijitabu changu cha kufundisha makanisa kuchangisha kipigwe chapa upesi. Maneno yale yale ya kutoa kinachouma nimeyaweka ukurasa wa kwanza.

Mvua imeanza, na baridi imeingia. Mayai yatakuwa yamepoa sasa.